Msaidizi Hana Bima

Ikolo, Kyela
2 Aprili 2025

Mpendwa kaka Andrew,

Ndaga, kaka yangu. Hamjambo huko Tanga, wewe na wifi Nancy na watoto? Kile kifua cha Nancy kimepona? Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua siku za mvua, na mvua yenyewe mwaka huu imeng'ang'ana. Mpunga umebeba vizuri. Ningetamani habari ziishie hapo, lakini nina hasira mpaka chakula hakipiti.

Barua hii anakuletea Mercy, jirani yetu anayehamia huko kikazi. Simu niliiogopa, maana ningelia tu na usingeelewa neno.

Ulishasikia kwamba mdogo wangu Lugano ameanguka kutoka juu ya mti. Hukusikia yaliyofuata, kwa sababu aliyekupigia ni baba yako, mjomba wetu.

Unajua mjomba tangu anunue msumeno wa mashine ameacha shamba, anazunguka Ngonga na Busale kukatia watu miti iliyoegemea nyumba. Apandaye ni Lugano. Mwaka wa tatu huu, kila kukicha yuko juu na kamba kiunoni, na kila Jumamosi mjomba anampa ujira wake. Siku ile ulikuwa mkaratusi, nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja Busale. Tawi lilikatika kabla halijafungwa sawasawa, likamgeukia, likamtupa chini. Mfupa wa paja umevunjika vipande. Daktari anasema lazima apelekwe Mbeya kuwekewa chuma, na fedha hizo hatuna. Tukichelewa utaunga umepinda, na hapo hatapanda mti wala hatainama kupanda mpunga. Prisca mkewe ana mimba ya pili.

Sasa sikia. Baba yako ana bima ya ajali kwa wafanyakazi wake. Alisimama mwenyewe baada ya ibada akatangaza kwamba watu wake hawapandi tena kwa kudra za Mungu tu, wana bima. Tulimpigia makofi. Kwa bima hiyo alipata kazi za shule na za watu wakubwa.

Bwana wa bima akaja hospitali, kijana wa mjini, mpole. Mjomba alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Lugano akaulizwa kama ameajiriwa na mzee Zebedayo, baba yako. Kaka, mdogo wangu na mguu wake unaning'inia akajibu: "Hapana, nilikwenda kumsaidia mjomba kidogo."

Wewe ni wa huku, unaelewa. Nani kati yetu amewahi kumwambia mjomba wake mbele ya mgeni kwamba ni bosi wake? Ni kama kumwambia hamna undugu. Tunalima shamba la mtu msimu mzima tunasema tulimsaidia kidogo. Yule kijana atajuaje adabu zetu? Alichukua neno kama lilivyotoka: msaidizi, si mfanyakazi, bima haimhusu.

Lugano simlaumu. Namlaumu aliyesimama pale akatazama sakafu. Neno moja tu lilitosha, aseme huyu ni mfanyakazi wangu. Alinyamaza, mtu mzima na mvi zake!

Nilikwenda kwake. Mama yako akaniwekea ndizi na samaki, sikugusa, na unajua kwetu maana yake nini. Nilimwuliza mjomba kwa nini hasemi. Akanijibu: "Mtoto mwenyewe amekana. Mimi niongeze nini?" Nikamkazia, ndipo akatoa la moyoni: akidai, mwakani bima itampandia bei. Jamani! Kwa hiyo mguu wa mtoto wa dada yake uozee kitandani ili bima isipande?

Nikarudi kwa Lugano, nikamsihi aseme ukweli. Hataki. Anasema akibadilisha maneno, mjomba ataonekana mwongo. Nikamwambia mficha uchi hazai, akageukia ukutani. Heshima gani hii inayomla mtu mfupa?

Bwana wa bima anarudi mara baada ya Pasaka kufunga shauri. Mpigie baba yako simu leo hii. Wewe ndiye mwanawe wa kwanza, atakusikia. Asiponena, nitanena mimi mbele ya yule kijana, na nitawaleta watu wote waliomwona Lugano juu ya miti yao. Wakisema nimemvua mjomba nguo, waseme. Nimekuandikia wewe kwanza ili usije ukasema ndugu yako alikuzunguka.

Wifi Nancy msalimie sana, na watoto. Mwambie Jubilate bibi anauliza lini atakuja. Anyosisye na Elizabeth wanakusalimuni, na mama anawaombea. Mungu awalinde njiani na kazini, awape watu wa kuwasemea siku mtakayoshindwa kujisemea.

Lugano naye anakusalimu. Jana nilipomuaga alinishika mkono, akaniomba nimpitie mjomba nikamwambie asiwe na wasiwasi, yeye hana kinyongo. Nilipita mlangoni kwa baba yako, sikuingia.

Dada yako anayekupenda hata akiwa na hasira,
Atupele