Ovaroli Alizofua Mama Neema

Alhamisi, Ifakara. Joto linafukuta. Mvua ilitutishia kidogo asubuhi, kisha ikaenda zake upande wa Malinyi. Moyo wangu ni mchungu, sitaki kujifanya.

Leo nimemdanganya daktari.

Nilikwenda na mke wangu, Mama Neema, kusikiliza majibu ya damu. Tangu tupandikize mpunga nachoka ovyo, fizi zinatoka damu, na madoa ya bluu yananitokea mikononi bila kujigonga popote. Daktari, binti mdogo kuliko Neema wetu, aliniamkia vizuri, akasema damu yangu imepungua sana na bado hajajua sababu.

"Mzee, maishani umefanya kazi gani?"

"Kilimo tu, mwanangu. Mpunga."

Akaandika mkulima. Akaanza kuniuliza dawa za magugu.

Kabla ya mpunga nilikuwa fundi wa ndege jeshini, miaka ishirini na miwili. Grisi haikutoka kwa sabuni, kwa hiyo tulinawa mafuta ya ndege mpaka viwikoni. Aliyevaa glovu tulimwita bibi harusi, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Hakuna mkubwa aliyetukataza. Siku ya kustaafu walitukumbusha jambo moja tu, kwamba ya kambini yabaki kambini. Nimelitii kama mjinga. Mwenzangu wa zamu, Kasiani, tulimzika Mlimba mwaka juzi, naye alianza hivihivi na madoa. Msibani nilisikia watu wanasema amerogwa. Nikanyamaza.

Bajaji ilipotushusha nyumbani, Mama Neema hakuvua hata kandambili.

"Baba Neema, kwa nini hukumwambia?"

"Mambo ya jeshi hayasemwi."

"Siri gani hiyo, na ovaroli zako nilizifua mimi?"

Alizifua miaka yote ile kwenye karai, kwa mikono mitupu, Neema akiwa mgongoni. Nyumba nzima ilinuka mafuta, nami nikijisifu kwamba hiyo ndiyo harufu ya mwanamume mwenye kazi.

Kisha akapandisha mkono wa gauni lake. Madoa ya bluu, kama yangu. Anasema ana wiki kadhaa nayo, alinyamaza ili kwanza tumalize la kwangu.

Labda si mafuta. Sijui. Lakini daktari atajuaje, kama nimempa habari za jembe peke yake? Nina hasira na wale wakubwa, waliokuwa wakipita karibu yetu na leso puani wasituambie kitu. Nilitaka niishie hapo, niwalaani, nilale. Nimeshindwa, kwa sababu leo mimi nimemfanyia mke wangu yaleyale waliyonifanyia wao.

Kesho asubuhi tunarudi hospitali wawili. Nitasema yote kabla sijaulizwa, na nitaomba waanze kumpima Mama Neema.