Boksi Sitini na Moja Zisizo na Mwenyewe

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Bosi Abdulwahab kaamua. Jumamosi mkutano wa mawakala, na aliyeuza boksi chache za sabuni ya mwani tangu Julai ananyang'anywa uwakala. Kikokotoo chake kishamtaja: Mwanahija wa Mkange, boksi 38. Mwanahija ndiye kungwi wangu, ndiye aliyenifunda. Na kila Alhamisi namwona hapa ofisini Bagamoyo akichukua mzigo. 38 tu? Haiingii akilini.

Jumanne, 8 Oktoba

Risiti zote nimeziingiza kwenye kompyuta. Macho yanauma.

Jumatano, 9 Oktoba

Fomula ya SUMIF imekubali! Unaipa jina, inajumlisha boksi za jina hilo peke yake. Mara nne ilinigomea – kumbe naweka nukta pahala pa mkato. Muhidini wa Zinga anaongoza, 84. Mwanahija – 38. Ileile ya bosi. Nikafunga kompyuta kwa hasira.

Nikaifungua tena. Mawakala wote sita pamoja ni 371. Safu nzima ya boksi ni 432. Kuna boksi 61 hazina mwenyewe. Kauza nani?

Alhamisi, 10 Oktoba

Mimi ndiye mchawi! COUNTIF, fomula ya kuhesabu risiti za jina moja, imeniumbua: risiti za Mwanahija tano tu, zote za Julai, mkono wa karani aliyenitangulia. Nilipoingia Agosti nikawa namwandika "Mama Ausi". Kungwi hatajwi jina kavu, hata kuandika nilishindwa. Wengine wote nimewaandika majina yao, hata shangazi yangu Mwaija wa Mlingotini. Sasa kompyuta inajua adabu gani? Kwake Mama Ausi ni mtu mwingine. Bosi naye kamruka, Mama Ausi hayumo kwenye orodha yake ya mawakala.

38 na 61 – 99. Wa kwanza! Nimecheka peke yangu hadi mlinzi kachungulia dirishani.

Ijumaa, 11 Oktoba

Bosi kakokotoa mwenyewe mara tatu. Kisha kaniita Mwalimu. Mimi, Shamsia! Kesho nasoma matokeo mbele ya watu. Gauni la Idi nishalipiga pasi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimesoma ile 99 – vigelegele. Muhidini kasema hana kinyongo, ila hiyo fomula na yeye afundishwe. Mama Ausi kanishika kichwa, kaniombea dua mbele ya wote. Sijawahi kujisikia mkubwa hivi.

Bosi akasema sasa nimtaje wa mwisho, sheria ni sheria. Wiki nzima nilikuwa naangalia jina moja tu. Nikashuka chini ya orodha, nikaliona jina, nikaanza kuhesabu mistari upya. Bahati adhana ya adhuhuri ikalia, bosi akasema tusali kwanza.

Ni shangazi Mwaija. 44. Aliyenilipia kozi ya kompyuta kwa hela za sabuni hizihizi.

Wanasali. Mimi siku hizi siko kwenye sala, niko stoo na kompyuta. Nimetafuta kama kuna pahali nimemwandika vingine. "Mama Najma" – sifuri. "Shangazi" – sifuri. Nilijikaza mno nisije nikaambiwa nampendelea.

Wanatoka. Shangazi kaja mpaka mlangoni, kajitanda khanga yake vizuri. Ananiambia nisiwaogope watu, nisome kwa sauti kama nilivyosoma ile ya kwanza.