Njia za Kukwepa Salamu

Jumatatu, 13 Aprili

Hongera kwangu. Leo nimeambiwa nina kipaji.

Nina miaka kumi na sita, sijawahi kushinda chochote, na sauti yangu darasani husikiwa na dawati tu. Lakini inasemekana hakuna mtu anayezijua njia za nyuma, kati ya hapa na mtoni, kama mimi. Siri ya kipaji hiki? Woga!

Barabara kuu inapita sokoni. Sokoni kuna watu. Watu wanasalimia — na salamu haijawahi kuwa neno moja. Shikamoo, marahaba, mama hajambo, baba je, masomo yanaendaje, mbona umekonda, mbona huongei, nani kakukata ulimi. Hadi nifike dukani mkate umekwisha. Kwa hiyo tangu nilipopata hii baiskeli ya matairi manene huwa nazunguka. Napita kati ya nyua za mashamba, kwenye vijia vya changarawe, nashuka bondeni, nafuata mto, navuka, napanda, natokea nyuma ya duka kama mwizi wa kuku. Safari ya dakika chache naifanya ya asubuhi nzima. Nafuu kabisa.

Sasa shangazi yangu, dada yake baba, ana nyumba ya wageni. Ijumaa anapokea kundi linalokuja na baiskeli zao. Hawana ndugu huku. Hawana msiba. Wanakuja kuendesha baiskeli kwenye vumbi na mawe, kwa hiari yao, watu wazima wenye akili timamu. Shangazi amewaahidi kiongozi.

"Mwanangu, wewe si unazijua zile njia za mashambani?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na lugha yao umesomeshwa."

Nikaitikia tena. Mjinga mimi.

"Basi utakuwa mbele yao Jumamosi."

Mbele! Watu sita nyuma yangu wakiutazama mgongo wangu, na kila tukisimama niwageukie niseme kitu. Nikasema tumbo linaniuma. Shangazi akauliza tumbo la Jumamosi linaumaje Jumatatu. Tumbo likaanza kuuma kweli.

Jumanne, 14 Aprili

Nimeokoka. Bingwa amekuja.

Bingwa ni mtoto wa shangazi, anasoma chuo mjini. Jina la Bingwa alijipa mwenyewe, na mashindano ya baiskeli yaliyompa hatujawahi kuyaona. Amekuja na miwani ya kioo cha zambarau na kaptura ya kubana ambayo bibi angekuwa hai angeifunika kwa kanga. Anaijua lami. Lami anaijua sana.

Yeye ndiye atakayeongoza. Mimi nitachora ramani, kisha nitakuwa nyuma ya wote na pampu, tyubu na viraka. "Wewe utakuwa Mkia," akasema, akanipiga begani kama mtu anayenitunuku cheo. Nimefurahi. Kweli! Mkia hausalimiwi na mtu.

Nimechora mchana kutwa. Kule hakuna vibao wala majina ya barabara, kwa hiyo nimeandika nyua. Ua wa minyaa, vile vijiti vya kijani visivyo na majani: kata kushoto. Ua wa michongoma, ule wenye miiba: usikate. USIKATE! Nimepigia mstari mara mbili. Ua wa katani: shuka bondeni. Halafu kivuko cha mawe, ng'ambo yake kilima, mwisho nyuma ya duka, na kurudi vilevile.

Bingwa akaipiga picha kwa simu bila kuisoma. Akasema imeshaingia kichwani. Kichwa kina nafasi, sikatai.

Jumatano, 15 Aprili

Leo jaribio. Bingwa mbele, Mkia nyuma.

Ua wa kwanza tu, akakata kwenye michongoma.

Nilimwona. Nilikuwa na muda. Na nilisema! Nilisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi ukweni. Upepo ukaichukua, ukaenda kuitupa huko. Pancha mbele. Pancha nyuma. Bingwa chini, miwani kwenye samadi.

"Njia yako ina miiba," akaniambia.

Njia yangu!

Nikamwonyesha ramani. Akaitazama, akautazama ua, akauliza kwa unyofu kabisa, ua si ua? Hapo nikaelewa. Mimi nilidhani nimechora ramani. Kumbe yeye anaona kijani tu, mwanzo hadi mwisho. Ni kama kumwandikia barua mtu asiyejua kusoma halafu kumlaumu kwa kuchelewa kujibu.

Mama mwenye shamba akatoka na jembe begani. "Bingwa, umekuja kuchuma miiba? Ungesema, ningekufungia ya kwenda nayo mjini." Akacheka hadi akaegemea jembe. Halafu macho yakanigeukia mimi. "Na huyu? Hana mdomo?"

"Anao, mama, wa kulia ugali tu," Bingwa akamjibu.

Wakacheka wote wawili. Nikacheka na mimi. Kwa nini nilicheka? Nilikuwa nimeshika kiraka kwa meno, nusura nikimeze.

Nikaziba pancha zote mbili. Mikono yangu haina aibu hata kidogo. Mdomo ndio uliolelewa vibaya.

Kutoka pale akawa anageuka kila kwenye ua, na mimi namnyooshea kidole. Kushoto. Moja kwa moja. Chini. Tulifika mtoni salama. Maji yalikuwa machache, yanaishia kwenye kifundo cha mguu, mawe yote yanaonekana kama sahani zilizopangwa. Bingwa akajipiga video akivuka, mara tatu, mara ya tatu akiwa anatazama mbali. "Rahisi kama kunywa maji," akaiambia simu.

Alhamisi, 16 Aprili

Shangazi ameniuliza tukiwa wawili tu, tunatandika vitanda vya wageni. "Niambie kweli. Yule mwanangu anaziweza hizo njia? Hawa ni watoto wa watu, na mmoja ni mama wa umri wa kuniita mdogo wake. Wakishalala hapa ni wangu."

Upande wa pili wa shuka nilikuwa mimi, na jibu nilikuwa nalo lote. Michongoma, pancha mbili, ua si ua.

Nikasema, "Anaziweza."

Kwa sababu kama haziwezi, nani ataongoza? Eeh. Ndiyo maana.

Ijumaa, 17 Aprili

Wamefika! Sita. Matope ya nchi nyingine bado yamo kwenye matairi yao. Wanasalimiana hivi: neno moja, basi, wanaendelea na maisha. Nimewapenda palepale. Watu wangu hawa walikuwa wapi siku zote?

Kichwani nimeshika wawili. Bibi Kofia, mwenye nywele nyeupe, hajavua helmeti tangu ashuke, hata chai amekunywa nayo. Na Bwana Saa, ambaye saa yake inampimia mapigo ya moyo, mwinuko, usingizi, na nadhani dhambi. Kila baada ya muda inalia, naye anaitii.

Jioni milima yote imekuwa myeusi. Radi kule mbali. Hapa kwetu hata tone. Mama yangu akatazama, akasema, "Mto wa kesho ndio huo unatengenezwa."

Nikamwendea Bingwa. Nilijikaza. Nikasema, "Mto." Neno zima! Akacheka. "Mkia, ardhi kavu hii. Juzi si tulivuka na soksi?"

Kweli. Juzi.

Nikaenda jikoni kwa shangazi, nikasimama mlangoni. Alikuwa anakata vitunguu. "Unataka nini, mwanangu?" Nikasema maji ya kunywa. Akanipa kikombe kikubwa. Nikayanywa yote, polepole, kama mtu aliyekuja kwa ajili hiyo.

Jumamosi, 18 Aprili

Naandika nikiwa juu ya jiwe, kando ya mto. Nimetoa daftari ili nionekane nina shughuli. Wanadhani naangalia ramani.

Niseme haraka. Asubuhi ilikuwa nzuri mno, na hilo ndilo linaloniudhi. Umande juu ya minyaa, changarawe ikilia chini ya matairi kama mtu anatafuna karanga, na bonde limejaa ukungu hadi kooni. Bingwa alikata kwenye michongoma ileile. Ileile! Safari hii nilipiga kengele ya baiskeli, wote wakasimama, nikanyoosha kidole. Hakuna aliyecheka. Bwana Saa akanishukuru.

Na Bibi Kofia alirudi nyuma akaendesha ubavuni mwangu. Akauliza huu ua ni mti gani, kwa nini watu hawapandi ule mwingine, nani anaukata. Nikajibu. Nikaendelea kujibu! Kwamba minyaa ina maziwa yanayopofusha macho, kwamba mbuzi hawaigusi, kwamba ua wa katani unaonyesha shamba linapoishia. Nimeongea lugha ya shuleni zaidi ya miaka yangu yote ya shule. Nadhani ni kwa sababu mkiwa kwenye baiskeli hamtazamani. Wote mnatazama mashimo.

Kisha tukashuka. Niliusikia mto kabla sijauona. Mto wangu huwa hausikiki.

Rangi ya chai ya maziwa. Matawi yanapita, gunia moja limepita, jiwe hata moja halionekani. Bingwa akasimama. Nilimwona akimeza mate. Halafu akageuka, akaona miwani sita inamtazama, akasema ni kawaida. Akaibeba baiskeli begani, akaingia. Maji kiunoni. Katikati aliyumba. Akatokea ng'ambo na kiatu kimoja, anatetemeka, anapiga kelele, "Rahisi! Njooni!"

Alipoanza, kulikuwa na kisiki majini upande wetu, kimetokeza urefu wa goti. Sasa kimebaki kichwa. Hapana — sasa hakipo.

Bibi Kofia ameniinamia. Hakumuuliza Bingwa. Ameniuliza mimi, taratibu: ungekuwa peke yako, ungevuka?

"Hapana."

Amesikia yeye tu.

Njia nyingine ipo. Tunarudi tulikotoka, tunapanda hadi barabara kuu, tunavuka darajani. Daraja liko baada ya soko. Jumamosi. Soko zima liko nje, na mimi lazima niwe mbele, na wageni watano na Bibi Kofia nyuma yangu, na kila kibanda kitaita jina langu na jina la mama yangu na kuuliza hawa ni nani, na nitajibu, kibanda kwa kibanda, lugha mbili. Nafikiri hilo linanitisha kuliko maji. Aibu iliyoje kuliandika hilo, maana maji yanaua.

Bingwa anapunga mkono. Bwana Saa anavua viatu. Anafunga kamba pamoja, anavining'iniza shingoni. Saa yake inalia, na leo haitii.

Kabla ya kusema chochote huwa naandika kwanza. Basi: *Samahani, ndugu zangu, naomba tusivuke hapa, maji bado yanapanda, tafadhali mnifuate mimi turudi juu.* Sentensi nzuri. Ina adabu. Nimeitafsiri kichwani pia, haina kosa hata moja. Ingepata alama zote.

Bwana Saa ameingia.

Bibi Kofia ananitazama mimi, hautazami mto.

Maji yamemfika magotini na mimi bado natafuta neno la adabu. Halipo. Lililopo ni SIMAMA