Yadi Nne Ambazo Hazikuwa Nne

Nyumba za Walimu,
S.L.P. 74,
Eldoret.
9 Agosti 1951

Mpendwa dada Selpha,

Kuna sauti ambayo haijanitoka masikioni tangu mwezi uliopita, nayo si kubwa: ni ya kitambaa kikichanwa dukani. Unaijua. Mkasi unauma ukingo kidogo, kisha mikono miwili inavuta, na kitambaa kinalia kutoka upande huu mpaka ule. Kwa miezi minane niliipenda kuliko kengele ya kutoka darasani, maana iliniambia kwamba nimenunua kitu kwa mshahara wangu mwenyewe. Sasa nikiikumbuka nasikia vibaya.

Nisamehe, nimeanza kabla ya salamu. U hali gani huko Kampala? Shemeji Kituyi je, kifua kimepoa, au moshi wa reli bado unamsumbua? Watoto wote wanne hawajambo? Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya mwaka huu imezidi. Asubuhi vidole vinakataa kushika chaki. Mahindi ya njia ya Turbo yamesimama vizuri na mvua haijatuacha. Shule itafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, nami nitakwenda nyumbani Maragoli.

Dada, mwezi wa tano nilikuandikia barua ya kukufundisha matumizi. Ulikuwa umeniambia kwamba nguo zinakushinda, nami nikakujibu kama mwalimu anayesahihisha daftari la mtoto mvivu. Nilisema: toa shilingi kumi kila mwezi, uziweke kando kabla hujanunua hata chumvi. Baada ya miezi miwili unazo ishirini. Kumi zinanunua yadi nne za kitambaa cha maua cha shilingi mbili na nusu, nne ni za fundi, sita zinangoja viatu na sweta. Gauni moja kila miezi miwili, lenye mikono mirefu na marinda ya kutosha, na bado kinabaki kipande cha kufunga kichwani. Nikaongeza, na hapa ndipo uso unaniwaka, kwamba asiyeweza kuvaa vizuri kwa mpango huo hajashindwa na bei, ameshindwa na nafsi yake.

Hukujibu. Nilidhani umekasirika. Siku hizi nadhani kitu kingine: labda ulicheka.

Mpango ule usiufuate. Ni wa uongo, ingawa mimi niliyeuandika sikujua kwamba ni uongo.

Nilikuja kujua kwa sababu ya Jelagat, mwalimu mwenzangu, msichana wa hapa hapa Uasin Gishu ambaye tunakaa naye nyumba moja. Umbo letu ni moja, tunaazimana sweta. Aliponiona ninavyovaa kwa shilingi kumi aliniomba mpango wangu, nikampa kwa majivuno. Akanunua yadi nne za kitambaa kile kile, katika duka lile lile, siku ambayo Mhindi mwenye duka ndiye aliyekuwa akipima. Akampelekea fundi wangu. Gauni likarudi halina mikono, limebana chini, akawa anatembea kama mbuzi aliyefungwa miguu. Jumapili tulisimama bega kwa bega kanisani, maua yale yale mekundu, yeye mikono wazi anatetemeka, mimi nimefunikwa mpaka kwenye vifundo.

Tulipotoka alinivuta kando ya ukuta.

"Musimbi, wewe unavishwa na malaika?"

"Ni kupanga tu."

"Kupanga hakuoti mikono! Huyo fundi wako anakula kitambaa yangu anakuwekea wewe."

Nilichukia, lakini usiku ule na mimi nilianza kumshuku fundi. Si kwamba ananipendelea; niliwaza kwamba huenda anawaibia wote, na mimi ananiibia kidogo tu kuliko wengine. Jumamosi tukaenda, Jelagat mbele, mimi nyuma na rula ya ubao, ile ya mbao yenye urefu wa yadi moja.

Fundi huyu anaitwa Phineas, mtu mzima, cherehani yake iko kwenye baraza ya duka linalofuata. Alipoiona rula alisimamisha gurudumu.

"Leo mmekuja kunifundisha hesabu?"

"Mzee, tunataka kujua yadi nne zangu zilikwenda wapi," Jelagat akasema.

"Zako ziko mwilini mwako. Wewe uliniletea nne kamili. Huyu," akaninyooshea mkasi, "aliniletea tano na robo. Mimi napima kila kitambaa ikifika hapa, maana nyinyi wanawake ndio wa kwanza kusema fundi ni mwizi."

Nikamwambia nilinunua nne.

"Basi ulinunua nne ukabeba tano. Na lile la bluu pia. Na lile la mwezi wa pili. Mara ya kwanza nilidhani Mhindi amekosea. Mara ya nne nikajua kuna mtu anakuvisha, Mwalimu."

Jelagat alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Mimi sikucheka. Dada, nilikuwa nimekwenda kutafuta kilichopungua, nikakuta kilichozidi, na sikujua kwamba kilichozidi kinaweza kumtia mtu hofu namna ile.

Sasa nifike kwa Wamalwa, ambaye ndiye aliyenipimia kila mara. Sihitaji kukuambia ni nani, maana ni wewe uliyeniambia. Barua yako ya Novemba ninayo mbele yangu. Umeandika: "Ukitaka kitambaa nenda duka la pembeni, kuna kijana wa shangazi yake Kituyi anayeuza pale, anaitwa Wamalwa. Yeye atakuangalia vizuri." Nilipoisoma wakati ule niliona ni maneno ya dada. Sasa nimeyasoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea mkunjoni. Kuangalia kupi, dada?

Wiki nzima nilikuwa na mashaka mawili na sikujua lipi ni baya zaidi. Kama anamwibia Mhindi, mimi navaa mali ya wizi mbele ya watoto ninaowafundisha. Kama analipa yeye, basi mimi navaa yeye. Tarehe ishirini na moja Julai nilikwenda kununua yadi mbili za kitambaa cheupe cha shimizi, nikasimama karibu na meza kuliko kawaida. Pale kuna misumari ya shaba ya kuonyesha yadi. Alivuta moja, akavuta ya pili, kisha mkono wake ukaendelea polepole kupita msumari, kama mtu anayefikiri jambo jingine, na mkasi ukauma huko mbele.

"Pima tena, Bwana Wamalwa."

"Mwalimu, mbona unanitazama mkono kama askari?"

"Pima tena."

Alitazama nyuma. Mhindi alikuwa ndani akinywa chai. Akainama juu ya meza. "Ile ya juu ni yangu. Mhindi anajua, ananikata mshahara mwisho wa mwezi. Wewe vaa tu."

"Kwa nini?"

"Mtu akimvisha mtu, kuna kwa nini?" Kisha akanitazama, na nilivyomwona alishangaa kweli, hakujifanya. "Kwani dada yako hakukuambia?"

Nilikiacha kitambaa mezani nikatoka.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu, na ndiyo yaliyonichelewesha pia, maana nilianza barua hii mara tatu nikaichana. Kesho yake baada ya kutoka dukani, Jumapili, nilipata mengine. Mzee Walubengo, mjomba wake Wamalwa, ambaye huketi kiti cha mbele kanisani kwetu, alinisalimu mlangoni akaniita "mama wa kwetu". Halafu akauliza shule inafungwa lini, ili waje Maragoli kumwona baba mimi nikiwapo.

Unamjua baba. Hatauliza kama nilijua. Atauliza kama nilivaa. Nami nilivaa, miezi minane, kanisani, mbele ya watu wote. Wakimwambia kwamba binti yake amevishwa na kijana wao tangu Desemba, na kwamba dada yake mkubwa ndiye aliyemwelekeza kule dukani, baba atahesabu kwamba mambo yamekwisha na kilichobaki ni ng'ombe. Kazi yangu nayo? Nimekaa shuleni miaka kumi kwa ajili ya ubao ule.

Nimejichunguza pia, usidhani nawashuku wengine tu. Nafundisha hesabu. Mtoto akileta jibu linalopendeza kupita kiasi namwambia arudie. Kwa nini langu sikulirudia? Nadhani kwa sababu lilinisifu. Kila gauni liliniambia kwamba mimi ni mwerevu kuliko Jelagat, na kuliko wewe. Mtu akipewa sifa ya namna hiyo haendi kuipima kwa rula.

Na jambo jingine, ambalo Jelagat hajui: simchukii Wamalwa. Ana mikono mizuri na hapayuki. Angeniuliza waziwazi, pengine ningemwambia angoje, na kungoja si kukataa. Lakini hakuniuliza. Alinivika kidogo kidogo, robo yadi kwa robo yadi, kama unavyomzoesha ndama kamba.

Kwa hiyo nilimpelekea Mzee Phineas magauni yote manne. Nikamwambia ayapunguze mpaka kila moja liwe la yadi nne tu.

"Mwalimu, mimi miaka ishirini nashona kwenda mbele. Kurudi nyuma sijui."

Alirudi nyuma hata hivyo, akiguna. Akatoa mikono yote minane, akatoa marinda, akatoa vile vipande vya kichwani. Fedha yake ilitoka katika zile za viatu. Nilivifua, nikavipiga pasi, nikavifunga katika karatasi. Jumamosi iliyopita nilikwenda dukani wakati umejaa wanawake, Mhindi yuko pale, nikamwekea Wamalwa mezani. Alifungua, akaona mikono imepangwa miwili miwili.

"Hii ndiyo ya juu," nikamwambia. "Iko yote. Yadi nilizobaki nazo nilizilipia."

Mhindi aliuliza kwa nini mwalimu anarudisha mikono, mwanamke mmoja akamjibu, "Hataki kushikwa!" na duka zima likaangua kicheko. Wamalwa alikunja ile karatasi taratibu sana. Nilimhurumia, dada, lakini sikurudi.

Basi mpango wa kweli ni huu, na nimeupigia hesabu na Jelagat akikagua. Gauni lenye mikono linataka yadi tano na robo, yaani kama shilingi kumi na tatu, na nne za fundi. Ni kumi na saba. Kwa kumi za kila mwezi utalipata moja kila baada ya miezi mitatu, si miwili, na zitakazobaki kumi na tatu ni za viatu na sweta, kwa mtu mmoja asiye na mtoto. Wewe una wanne. Kwa hiyo uliponiambia kwamba nguo zinakushinda ulikuwa unasema ukweli mtupu, nami nilikutukana kwa fedha ya mtu mwingine. Nisamehe kwa hilo, hata kama kuna jingine ambalo wewe ndiwe utakayeniomba msamaha.

Hilo jingine nijibu kwa neno moja. Ulijua, au hukujua? Kama Shemeji alilipanga peke yake na jamaa zake, na wewe ukaandika "atakuangalia vizuri" kwa moyo mweupe, niambie nami nitaamini. Kama ulijua, niambie pia. Nitakasirika, kisha yatakwisha, maana sina dada mwingine. Lisilokwisha ni kutojua. Namtazama kila mtu sasa: anayenisalimu, anayenipa nafasi kwenye benchi, hata Jelagat akinimiminia chai najiuliza ni ya nini.

Nisalimie Shemeji, mwambie salamu ni za kweli, mengine atayasoma usoni mwako. Nibusie Rosebella na wadogo zake, na umwamkie mama mkwe wako, Mama Tryphosa, kwa heshima zote. Mungu awalinde huko ugenini, awape riziki ambayo mtaijua inakotoka.

Naandika nikiwa nimejifunga blanketi juu ya gauni lisilo na mikono. Barua ya baba nimekwisha kuituma. Nimemweleza yote kwa jina na kwa yadi, na kwamba sijavishwa na mtu, na kwamba Mzee Walubengo akifika apewe chai kama mgeni yeyote na aambiwe kwamba mwenyewe hajaulizwa. Niliipeleka posta Jumanne, siku mbili kabla ya kukaa kukuandikia hii, ili jibu lako, liwe lolote, lisije likanifanya nifute hata mstari mmoja.

Mdogo wako, akupendaye hata sasa,

Musimbi