Ganda la Tango

Jumatatu, 3 Machi

Kikapu cha leo: matango saba. Saba! Ndizi hakuna. Parachichi hakuna. Viazi hakuna, na nyanya nazo hakuna.

Miaka ishirini na minane nimelinda geti la kiwanda nikipekua mikoba ya wanaotoka. Mtu hudanganya kwa mdomo, mkoba haudanganyi. Sasa nimestaafu, lakini mazoea yana tabu. Mama watoto akirudi sokoni lazima nichungulie kikapu. Naye hucheka: kagua, Afande, nimeiba kiwanda kizima. Kikapu tu, lakini. Mkoba wake wa mkononi sijawahi kuufungua, na hii ni ndoa ya miaka thelathini na minne. Kazi ni kazi, mke ni mke.

Leo hakucheka. Alipita moja kwa moja jikoni.

Naandika kwenye daftari la geti lililobaki. Safu zake bado zipo: Jina. Saa. Ameingia na nini.

Jumatano, 5 Machi

Chumvi imehama mezani. Nimeuliza, nikaambiwa imekwisha. Uongo! Nimeiona juu ya kabati, nyuma ya chujio.

Na matango tena. Mabichi, mchana na jioni. Binti yetu ni mwalimu, amerudi kukaa nasi tangu mwezi jana na sababu ya kueleweka hajanipa. Leo amenihutubia kama niko darasa la pili. Tango karibu lote ni maji, baba, sehemu tisini na tano katika mia. Halinenepeshi. Lina vitamini K, inasaidia damu kuganda ukijikata, na mifupa pia. Lina nyuzinyuzi za kulainisha tumbo. Ila usilimenye! Uzuri mwingi uko kwenye ganda.

Vizuri. Sasa mbona mama yake anamenya la kwake? Anakula vipande vitatu tu, vyeupe, kisha anafunika sahani. Nimeuliza. Binti akatazama dirishani. Mama akasema ganda linamkwaruza koo. Tangu lini? Mwanamke huyu anatafuna mifupa ya kuku!

Kuna jambo hapa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepita kwa Fundi Viatu, rafiki yangu wa siku zote, pale kwenye kibanda chake cha kona. Nimemkuta ameshika viatu vya mke wangu, vile vya mikanda. Eti anavilegeza. Mara ya pili ndani ya mwezi! Nikasema mbona vilikuwa vinamtosha. Akatia misumari mdomoni.

Namjua. Akitia misumari mdomoni ujue hataki kusema. Na huyu ndiye ambaye kila siku hunieleza hata ambayo sikumuuliza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekaa ngazi ya nyuma, nikapanga ushahidi.

Vilivyotolewa nyumbani: ndizi, parachichi, viazi, nyanya, chumvi. Kilichoingizwa: matango. Binti kahamia. Fundi kafungwa mdomo. Mama watoto siku hizi anakunywa maji kwa kikombe cha kahawa, kile kidogo. Hiyo sijui inaingia wapi.

Januari tulitolewa damu zahanati, mimi na mke wangu. Majibu alikwenda kuchukua binti. Mko salama, alisema. Lakini alisema akiwa amenipa kisogo. Pale getini, anayekupa kisogo ndiye unamwita arudi.

Basi ni mimi. Mimi ndiye mgonjwa na wote wanajua! Wamebadilisha chakula cha nyumba nzima ili nisishtuke.

Naogopa. Haya, nimeandika.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda zahanati peke yangu, daftari kwapani. Mtaalamu wa lishe ni dada mmoja mpole mwenye miwani. Nimemsomea kilichotoka na kilichoingia. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: mzee, hapo nyumbani nani ana matatizo ya figo?

Nikafunga daftari. Akanieleza taratibu. Figo zikichoka, madini ya potasiamu hubaki mengi kwenye damu, na hiyo ni hatari kwa moyo. Ndiyo maana ndizi, viazi na nyanya hupunguzwa. Tango lina potasiamu kidogo, na likimenywa inapungua zaidi. Mtu mzima wa afya namwambia ale na ganda, akasema. Mgonjwa namwambia amenye.

Nikamwambia mgonjwa ni mimi, ila mimi nakula na ganda. Nafikiri alinionea huruma. Akanipeleka nikatolewe damu. Majibu Ijumaa.

Nimerudi nyumbani nikamwonyesha mama watoto namna ya kufunga bomba kuu la maji, na namna ya kubadilisha mtungi wa gesi. Mambo ambayo siku zote nafanya mwenyewe. Akauliza: Afande, unasafiri? Nikamjibu mtu hajui saa wala siku. Akageuka haraka, akaanza kuosha bakuli lililokuwa safi. Ananililia mimi, masikini. Nimemsamehe kunificha.

Ijumaa, 14 Machi

Nzima! Figo zangu nzima! Daktari amesema ni kama za kijana. Nimetoka zahanati natembea kama niliyepandishwa cheo. Nikanunua kichane kizima cha ndizi, nikaenda mbio mpaka kwa Fundi Viatu. Si mimi! Nilimwambia kwa sauti, watu wakageuka. Mlinitisha bure, si mimi!

Hakucheka. Alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka kwenye kopo. Akasema:

"Ndugu yangu. Kwani mimi nilikuwa nalegeza viatu vya nani?"

Miguu yake imevimba. Maji anajipimia kwa kikombe cha kahawa. Vipande vitatu vilivyomenywa.

Nimepekua maelfu ya watu kwa mikono hii. Huyu ninayelala naye kitanda kimoja, nilikagua kikapu chake nikamwacha yeye apite.

Ndizi nimemwachia fundi.

Jumapili, 16 Machi

Siku mbili sijasema neno. Sijui pa kuanzia. Na kwa nini walinificha najua vizuri sana. Mwaka ule alipopasuliwa kidole tumbo, mimi ndiye niliyeanguka koridoni, nikalazwa kwenye kitanda alichotandikiwa yeye. Ametembea na hadithi hiyo mtaa mzima, watu wakacheka mpaka machozi. Mume wa namna hiyo utamwambia nini?

Leo mezani nilichukua kisu kabla yake. Nikamenya tango lake, taratibu, pasibaki hata ukanda wa kijani. Nikakata vipande vitatu. Nikavisogeza kwake. Kisha nikachukua la kwangu nikalimenya pia. Binti akaanza: baba, wewe lako usi— Akamtazama mama yake.

Mama watoto aliangalia maganda, kisha mikono yangu. Akavuta miguu chini ya kiti.

Tumekula. Nilisikia matango tu yakitafunwa, watu watatu. Nikainuka, nikaja huku chumbani kuandika.

Anakuja. Viatu vinaburura. Zamani alitembea kwa kishindo, ningejuaje kwamba nitakuja kukikumbuka.

Ameingia na mkoba wake wa mkononi. Ameuweka hapa juu ya daftari, umeziba nusu ya ukurasa, naandikia pembeni. Umevimba kwa karatasi. Hakuniuliza nani kaniambia.

"Haya, Afande," amesema. "Kagua."

Amekaa kitandani. Amevua viatu, miguu ameinyoosha mbele yangu, hafichi tena. Miaka ishirini na minane nimesema neno lile lile kila jioni: fungua mkoba, mama. Fungua mkoba. Kumbe ni neno zito hivi.

Anasubiri. Zipu iko upande wangu.