Koti la Baba na Tuzo ya Hesabu

Nyacheki, kupitia Kisii
Jumapili, 14 Machi 1971

Mpendwa kaka Makori,

Sasa hivi Bochaberi wangu ameibusu picha yako ya gazetini mdomo ukiwa umejaa uji wa wimbi. Nimekufuta shavu, lakini wino nao umetoka kidogo. Usimkasirikie, mjomba wake hamjui ila kwa karatasi.

Pokea salamu zetu za upendo. Je, u mzima huko kwenye theluji? Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mvua imeanza na chai inachipuka kuliko mikono ya kuichuma. Mume wangu Abner ameniruhusu nikae hapa nyumbani hadi palizi, nimsaidie Mama.

Habari ya tuzo yako ilitangazwa kanisani Sabato iliyopita. Mzee Ratemo alisimama akasema Akademia ya Taifa ya huko humpa mtu mmoja tu kila mwaka, yule aliyewapita wote kwa hesabu, na mwaka huu ni mtoto wa Obwocha, wa hapa hapa. Wanawake walipiga vigelegele hadi mchungaji akasahau wimbo. Tulipotoka nje, jirani yetu Nyangate akataka kujua umehesabu nini hasa. Nikamwambia uliandika kwamba si kuhesabu kitu, ni kuthibitisha. Akasema basi ukirudi uanze na ile mizani ya chai, maana kikapu chake hutoka shambani kizito, kikifika pale kimekonda. Baba alicheka mpaka akashika ubavu.

Hapo kwenye ubavu ndipo nisipojua nianze vipi, kaka.

Uliandika kwamba tuzo hiyo mtu huipokea mwenyewe, mwezi wa Mei, na asiposimama pale hupewa mwingine. Baba alinisomesha barua ile tena na tena. Kisha akatukataza sote tusikuandikie neno lolote la kukurudisha kabla hujasimama mbele ya wale wazee. Alisema alipanda chai ili usome, hakuipanda ili uje kumzika.

Daktari wa mjini alituambia turudi naye nyumbani, kwamba ini limeharibika na hana dawa yake. Sasa Baba hali ndizi, hali chochote, ni maji tu. Lakini wageni wakija kumpongeza huketi nje amejinyoosha, eti anapukuchua mahindi, ili asipatikane wa kukupelekea habari.

Uliuliza mbona Mama hayumo kwenye picha tuliyokutumia Januari, ukafurahi kwamba Baba amenenepa ndani ya lile koti. Mama yumo, kaka. Amechutama nyuma ya Baba, mikono yake imepita chini ya koti, amemshika kiuno asianguke. Mpiga picha aliambiwa angoje mpaka Baba atabasamu. Akatabasamu. Kisha tukambeba ndani.

Sasa sijui kama nakuita au nakuarifu tu. Mei ni mbali kwake, na barua hii nayo ina safari ndefu mpaka ikufikie. Juzi aliniuliza ni nani atakayepiga jembe la kwanza kaburini ikiwa kifungua mimba hayupo. Kabla sijafungua mdomo akasema nisijibu. Naandikia jikoni hapa, yeye akidhani namwandikia Abner.

Mama anakusalimu sana, na Bochaberi mwenye uji, na Baba pia, ingawa hajui kwamba nimekusalimu kwa niaba yake. Mungu akufunike kwenye baridi hiyo.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Nyamoita

Kaka, nimeshatia sahihi na bado sijamaliza. Nilitaka nikwambie la kufanya, maana ukisoma hii utaniuliza mimi, na huku hakuna mwingine wa kukujibu. Baba ananiita. Wageni wa Suneka wamefika kumpongeza, anataka koti, na Mama ameteremka mtoni, kwa hiyo leo wa kumshika kwa nyuma ni mimi. Ukiipata barua hii, tafadhali, usi