Mbuzi wa Fatumo na Gugu Lisiloelea

Shuleni Kotile,
kupitia Garissa,
11 Juni 1998.

Mpendwa Shangazi,

Mguu wako haujambo? Au umeshaanza kuuburura tena sokoni Musoma kabla haujapona? Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechukizwa hadi chai hainipiti kooni.

Unalijua gugumaji linalowasumbua huko ziwani. Baada ya mafuriko, silanga yetu, bwawa tunalokunywa maji yake sisi na ng'ombe, ilijaa majani mapana yenye maua madogo ya buluu. Akaja afisa kutoka mjini. Akatema mate majini, akatazama kwa mbali asilowe viatu, akatangaza: gugumaji, sumu kwa mifugo, kesho litapulizwa dawa. Dawa, Shangazi, kwenye maji ya kunywa!

Mimi karani wa shule tu, lakini nimekulia ziwani. Shina la gugumaji limevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu, nalo huelea, huenda na upepo. Hili shina lake ni jembamba, na mizizi imeng'ang'ania tope. Nikamweleza. Akaniuliza kama niliajiriwa kupiga taipu au kufundisha wakubwa.

Fatumo, jirani yangu mfugaji, hakumbembeleza. "Warya, wewe bwana, hii majani iko hapa tangu babu yangu. Kama inaelea, ingia utoe!"

Afisa akaingia kwa hasira, akavuta. Likakatika ghafla, naye akaketi kwenye tope la samadi na vyura waliooza. Akatoka ananuka, akajipangusa kwa leso yangu bila kuomba. Nimeichoma.

Kipande kilichokatika akakiweka juu ya boneti ya gari lake, kipelekwe kupimwa. Alipogeuka kunawa, mbuzi wa Fatumo akakimaliza chote.

Afisa akafurahi. Sijaona furaha chafu kama ile. Akasema tungoje siku saba: mbuzi akifa, dawa inamwagwa silangani; akiishi, yeye afisa anarudi mjini na mapipa yake ya dawa. Leo ni ya tano. Mbuzi analala ndani, Fatumo mlangoni, na mzee wa kijiji, Abdow, kila alfajiri huniuliza hali ya mbuzi kabla ya hali yangu.

Wasalimie Mjomba Onditi na dada Akeyo. Mungu akunyooshee huo mguu. Ukisali leo jioni, mtaje na mbuzi. Ni mweupe, ana sikio moja, Mungu hatamkosa.

Wako akupendaye, mwenye kiu,
Aketch